Nobert Bwambale, Aliyegombea kwa Ajili ya Chemchemi

Ndugu waombolezaji, wakwe zetu wa kambi ya jeshi, na jamaa mliovuka mpaka kutoka Kongo, poleni. Mimi ni Feresita, shangazi yake marehemu. Nimeandika kwa Kiswahili ili asiwepo wa kusema hakuelewa.

Nobert alizaliwa tarehe 14 Septemba 1992 kijijini hapa, juu ya Bwera. Alikuwa mtoto wa pili wa kiume wa kaka yangu Kosiya, ndiyo maana, kwa desturi yetu, akaitwa Bwambale. Shule ya msingi alisoma hapa hapa, sekondari mjini Kasese, akamaliza mwaka 2010.

Mwaka uliofuata alipiga kura kwa mara ya kwanza. Mgombea aliwagawia vijana fulana, akaahidi kuijengea chemchemi yetu ukuta na bomba. Nobert aliivaa fulana ile mpaka kanisani! Miaka ikapita, sisi na ng'ombe tukaendelea kunywa pamoja. Alipokodi shamba la mpunga Mubuku, aliivisha fulana hiyo sanamu ya kufukuzia ndege. Nikamwuliza, kulikoni?

"Shangazi, sasa angalau inafanya kazi."

Tangu siku hiyo hakuvaa tena rangi ya chama cha mtu.

Tarehe 12 Desemba 2015 alimwoa Aryemo, binti wa askari. Hapo maneno yakaanza. Mtaani walisema Nobert ni jasusi wa serikali, kambini wakasema ni mpinzani. "Wewe iko upande gani?" walimwuliza. "Upande ya maji," akajibu. Watu walicheka. Mimi sikucheka.

Mwenyekiti wa kijiji alikataza chemchemi isiguswe, kwa kuwa imepakana na shamba la shemeji yake. Basi Nobert akagombea kiti hicho. Tarehe 10 Julai 2018 tulipanga mistari. Kura ile haina sanduku: unasimama nyuma ya mtu wako, na jirani anakuona. Vijana waliokuwa wakila kwake kila jioni walisimama nyuma yake, wakaangalia nani anawatazama, wakahama mmoja mmoja. Hata Mumbere, kaka yake wa damu, alihama! Ee Mungu! Alibaki na mkewe, wazazi wake, na mimi.

"Wanataka maji, shangazi," aliniambia tukirudi. "Ila hawataki kuonekana wakiyataka."

Februari mwaka huu alishikwa na homa ya matumbo. Msiniletee habari za kurogwa. Daktari alisema ni maji. Utumbo ulitoboka, akapasuliwa, akafariki tarehe 3 Machi 2019, akiwa na miaka ishirini na sita. Inaniuma, na nina hasira, siwafichi.

Leo mmekuja wengi kuliko siku ile ya mistari. Asanteni. Lakini maji ya chai mliyokunywa asubuhi yalichotwa pale pale penye ng'ombe.

Ameacha mjane, Aryemo, binti, Gorret, mwenye miaka miwili, wazazi wake, na kaka yake Mumbere, ambaye jana aliniomba nisitaje habari ya mistari. Nimeitaja.

Apumzike kwa amani, mwanetu. Nasi tukimaliza kumfukia, majembe haya yasirudi nyumbani. Twende nayo chemchemini, mchana huu huu, kila mtu akimwona mwenzake.