Miaka Mitatu Niliyompunguzia Isimbi

Wachungaji, wazee, majirani wa Nakivale, na ninyi mliofunga safari kutoka Mbarara, poleni sana kwa msiba huu wetu sote. Mimi ni Mihigo, kaka mkubwa wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, ingawa wapo hapa wanaojua kwamba sikustahili kuwa wa kwanza kupewa. Tangu Jumanne wazazi wa watoto aliokuwa akiwafundisha wananiuliza matangani kama darasa lake ndiyo limekwisha, nami nimewaomba wavumilie hadi leo, maana swali hilo yeye mwenyewe aliniuliza kwanza, na sikumjibu.

Isimbi Munezero alizaliwa Jumamosi tarehe 18 Aprili 1998, karibu na Minembwe, Kivu Kusini, nchini Kongo, mtoto wa tatu na binti pekee wa Mzee Rwakabuba na Mama Nyiransengimana. Najua mlioiona kadi yake ya ukimbizi mnashangaa, kwa kuwa kadi inasema tarehe 1 Januari 2001, na jana nilitaka kusoma hiyo ya kadi ili mambo yapite kimya kimya, lakini mama akaniambia, "Mihigo, leo usidanganye batu juu ya mutoto yangu." Basi ukweli ni huu, kwamba tulipofika katika kambi hii ya wakimbizi ya Nakivale, hapa Uganda, tarehe 11 Agosti 2009, mimi ndiye niliyezungumza na makarani kwa niaba ya nyumba nzima, na nilikuwa nimesikia kwamba watoto wa Kongo waliosoma kwa Kifaransa wanarudishwa nyuma kuanza Kiingereza pamoja na wadogo, hivyo nikampunguzia dada yangu miaka mitatu, ili asionekane mkubwa mno katikati yao. Nilidhani namwondolea aibu. Kumbe kule Kongo alikuwa amemaliza darasa la tano, na nani angeamini kwamba mtoto wa miaka minane amefika huko, wakamweka la pili, naye akarudi nyumbani akilia wiki nzima, na mimi nikamwambia atazoea.

Hakuzoea, alisoma. Aliruka madarasa mara mbili, akamaliza shule ya msingi hapa Nakivale mwaka 2013 na sekondari mwaka 2019, kisha akapata ufadhili, akaingia chuo kikuu mjini Mbarara Februari 2021 kusomea ualimu. Habari za chuoni nimepewa na rafiki yake Mastula, binti wa Haji Zubairi, mfanyabiashara wa vitenge; Mastula huyo alipanga naye chumba kimoja na kupikia naye sigiri moja kwa miaka yote mitatu. Mastula anasema kwamba Isimbi alikuwa mbishi kuliko wanasheria, na kwamba mara ya kwanza alipoitwa mbele ya darasa alishika meza kwa mikono miwili, akasema maneno yake yote hadi mwisho, halafu akakaa na kuuliza kama kuna aliyemwelewa. Anasema pia kwamba kila Ramadhani Isimbi, Mprotestanti wa kuzaliwa, aliacha chakula cha mchana ili Mastula asifuturu peke yake, na alipoambiwa kwamba hiyo si dini yake alijibu kwamba njaa haina dini.

Alihitimu Ijumaa tarehe 8 Machi 2024. Joho lilikuwa la kukodi, lakini aliomba aongezewe siku mbili, akapanda nalo bodaboda kutoka Kaberebere hadi hapa, akamvalisha mama, na mama akaenda nalo kanisani Jumapili na kofia yake kichwani, mkamtania wote mkimwita profesa. Sijaona mama yetu akicheka vile tangu tutoke nyumbani.

Mwezi uliofuata aliitwa kazini katika ofisi moja pale Kamukuzi, mjini Mbarara, kazi ya mshahara na meza, akaikataa, akarudi Nakivale, na tarehe 6 Mei 2024 akafungua darasa chini ya turubai karibu na kanisa, kuwafundisha Kiingereza watoto waliofika karibuni, miezi sita tu, ili kila mmoja aingie shuleni katika darasa linalomfaa. Hakupokea mtoto kabla mzazi hajataja umri wake wa kweli. Mimi nilimwambia kwamba amesoma bure, kwamba shahada si ya kwenda kula vumbi na watoto wa watu, na nikakaa miezi minne bila kuongea naye, na katika darasa lile, ndugu zangu, sikuwahi kuingia hata siku moja. Watoto hamsini na wawili wamepita kwake, na wengine thelathini na wanane wanasubiri mtihani wa kupangiwa madarasa tarehe 1 Desemba.

Marehemu hakuwahi kuolewa wala kujaliwa mtoto. Ndugu Semahoro, aliye hapa nasi, alikuja na wazee wake Agosti mwaka huu kujitambulisha, tukawapokea kwa furaha, na mazungumzo ya mahari yalipangwa Desemba. Shemeji, nakuita hivyo hivyo, pole.

Jumatano tarehe 1 Oktoba 2025 alianza kuumwa kichwa, akadhani ni malaria, akaendelea kufundisha hadi Ijumaa. Jumapili tulimpeleka kituo cha afya, na tarehe 8 akahamishiwa hospitali mjini Mbarara, ikaonekana kuwa ni homa ya uti wa mgongo. Jumatatu, akiwa na nguvu kidogo, alinishika mkono, akaniuliza nani atawashika wale watoto, nami nikasema tutaona, nikatoka nje kununua maji. Alifariki kesho yake, tarehe 14 Oktoba, saa nne asubuhi, akiwa na miaka ishirini na saba, ya kweli.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliopigana hadi mwisho, Haji Zubairi na familia yake waliotulaza na kutulisha siku zote za hospitali, majirani waliochota maji na kuleta kuni, wanachuo wenzake, na kanisa. Naumia, na sitaficha kwamba ninaumia zaidi kwa yale niliyomnyima kuliko kwa yale niliyompa.

Isimbi, dada yangu, jibu lako hili hapa, limechelewa. Wazee wamekubali matanga yaishe Jumapili. Mastula ameahidi kuja kila Jumatatu na Jumanne kufundisha Kiingereza, siku zinazobaki nitafundisha hesabu mimi, na Kiingereza nitakaa nyuma nijifunze pamoja nao. Wazazi, waleteni watoto Jumatatu saa mbili asubuhi. Pumzika kwa amani, mwalimu, tutawashika.