Mama Hotipoti: Wasifu wa Marehemu Otilia Komba

Ndugu waombolezaji, ulimi haujazoea kumwita Otilia marehemu. Jumapili ya Pentekoste tu alikuwa akiimba nasi kanisani. Mumewe, Mzee Romwaldi Ngonyani, bado anageuka kila mlango unapobishwa.

Alizaliwa Hanga, Namtumbo, tarehe 14 Machi 1962. Alimaliza shule ya msingi huko huko mwaka 1976, akajifunza ushonaji, kisha akaweka cherehani yake sokoni Songea. Sare za kwaya nyingi za mjini hapa zimepita mikononi mwake. Tarehe 8 Oktoba 1983 alifunga ndoa na Romwaldi, wakahamia Lizaboni.

Mwaka 2011 alikutwa na kisukari. Romwaldi akawa anampima kila asubuhi, naye Otilia akawa haendi sherehe bila ugali wake wa dona kwenye hotipoti. Katika harusi ya binti yake Renatha, wakwe nusura wanune walipoona hali chakula chao. "Msinikasirikie," aliwaambia, "hiki kisukari ni mwenzangu, tunatembea wote." Sukari ikatulia miaka yote hiyo.

Mwaka jana kliniki walimshauri afikirie chanjo ya nimonia, kwa kuwa ugonjwa huo humwelemea zaidi mwenye kisukari. Alicheka. "Chanjo ni ya wanaobebwa mgongoni. Mimi nikapange foleni na wajukuu?" Romwaldi naye alicheka.

Tarehe 12 Juni alikwenda msibani Hanga, akalala matanga kwenye mkeka barazani kama ilivyo desturi yetu, na baridi ya Juni mnaijua. Alirudi akikohoa na kutetemeka. Katika nyumba hii kila ugonjwa wake tuliuita sukari, basi tukapima sukari, tukampunguzia chakula, tukangoja. Alipobanwa pumzi ndipo tukamkimbiza hospitali. Nimonia ilikuwa imeshika mapafu yote mawili. Alifariki Alhamisi, tarehe 19 Juni 2025, nasi mpaka sasa hatuamini.

Hatusemi chanjo ingemwokoa, hilo analijua Mungu. Lakini jana Romwaldi alimwita Lidwina, mdogo wa marehemu, ambaye naye ana kisukari.

"Shemeji, Jumatatu twende kliniki ukaulizie ile chanjo."

"Ngoja kwanza tumalize matanga, shemeji."

"Matanga ndiyo yaliyomchukua dada yako. Jumatatu."

Ameacha mume, watoto watatu, Aidani, Renatha na Optatus, wajukuu saba, na mdogo wake Lidwina, ambaye Jumatatu atakwenda kliniki. Bwana ampe Otilia pumziko la amani.