Aliyelia Bombani

Usiku wa manane Mama Kidoti alishtushwa na kilio cha mtoto. Akapapasa kitandani, akamkuta Kidoti amelala fofofo, kumbe kilio kinatoka upande wa pili wa ukuta, kwa Kinyozi, anaangalia tena ile filamu ya zamani ya watoto maskini, iliyopigwa mtaa huuhuu, na yule binti analia bombani kama anavyolia miaka yote. Hakupata tena usingizi. Asubuhi akabeba birika lake la kahawa mpaka benchi la nje kwa Kinyozi, Kidoti nyuma yake na viatu vyake vipya, na kabla hajamimina kikombe cha kwanza benchi lilikuwa limeshawaka moto. Watu wa filamu wamerudi. Wanaipiga upya, na leo wanakuja kuchukua watoto wa kuigiza.

— Mimi enzi zile walinifukuza, alisema Kinyozi, wembe mkononi, mteja hana, televisheni inapiga kelele ndani. Nipo kwenye foleni, wakaniambia wewe rudi kwenu, una mashavu. Mashavu! Kwani maskini hana mashavu?

— Wahenga walisema mwenda pole hajikwai, aliingilia Breki Mbovu, dereva mstaafu asiyejua kusimamisha maneno. Ndiyo maana maskini wa kwenye filamu hapewi viatu.

— Methali hiyo umeitoa wapi?

— Gereji.

Profesa, aliyepewa jina hilo kwa ajili ya miwani tu, aliguna.

— Tatizo ni uwakilishi, ndugu zangu. Walikuwepo watoto wa karani, mapacha wa fundi cherehani weupe kama unga, na yule wa magongo aliyekuwa akitushinda mbio. Filamu imewaonyesha? Wote weusi tii, wote wamekonda, wote pekupeku. Mtaa kama kitenge, wao wakachomoa uzi mmoja!

— Na mama mtu hasemi neno filamu nzima, alisema Kinyozi. Mbwa kabweka mara tatu.

— Mbwa yule aliletwa kwa ndege!

— Breki, acha uongo.

— Kwa ndege, nakwambia! Na machozi ya yule binti yaliletwa naye, kwenye chupa. Mtoto wa kawaida halii vile. Haba na haba hujaza kibaba.

Kahawa ilimwagika gotini kwa Profesa.

— Si chupa! alifoka Mama Kidoti. Jamani mnanichosha, leo chupa, jana vitunguu, yule binti ni mama yangu, mama yangu mzazi, na wala hakuwa anaigiza! Alikuwa na viatu, vyekundu, baba yake kamnunulia aanzie shule, wakamwambia vua, wewe hapa ni maskini, wakavitia kwenye gari, gari likawashwa, akajua ndiyo vinaondoka, akalia, na wao wakaendelea kumpiga picha! Mpaka leo filamu ikianza anatoka nje, anasingizia kwenda kuanua nguo.

Mama Kidoti akalitua birika chini.

— Na jana wamemwona Kidoti. Wanasema ana macho ya yule wa bombani, hata hawajui ni bibi yake, nimlete leo, pekupeku, nisimpake mafuta. Na mimi nikaitikia! Kwa woga tu, wako watano, mmoja ananiita dada huku anamkagua mtoto miguu, nikajikuta nasema ndiyo, ndiyo, nitamleta.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone... alianza Profesa.

— Apone nini? Kinyozi alimkata. Sisi tulipona nini?

Kidoti, aliyekuwa akipanga vizibo vya chupa chini ya benchi, aliinua kichwa.

— Mama, nikivaa viatu kamera hainioni?

Profesa akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Breki Mbovu alifungua kinywa, na kwa mara ya kwanza tangu ajulikane mtaani, breki zikashika. Kinyozi alikuwa akijishika shavu.

Gari jeupe likakunja kona. Mama Kidoti akainamisha birika, likatoa machicha matupu. Akamnyanyua mtoto.

— Wakiniulizia? Maana nyinyi nawajua, neno likilala hapa asubuhi, mchana liko sokoni.

— Pita ndani, mwanangu, alisema Kinyozi. Mlango wa nyuma uko wazi. Sisi hatumjui Kidoti, hatujui anapokaa.

— Na la mama? Viatu vile hajawahi kumsimulia mtu ila mimi. Akijua nimelitoa benchini nimekwisha.

— Hata mke wangu nisimwambie? aliuliza Breki.

— Hasa mke wako!

Kinyozi aliingia naye, akazima televisheni, kilio kikakatika katikati. Nje milango ya gari ilikuwa ikifunguliwa.

— Nenda, alinong'ona. Hatumwambii mtu mwingine.