Kavinya Muindi na Gongo Lililogeuka

Mimi ni Nzisa, dada mkubwa wa marehemu, na ndimi niliyepewa kazi ya kumsimulia. Wanaonijua kule Donholm wanajua simsifu mtu kabla sijamkosoa, kwa hivyo nitaanza na kosa lake: Kavinya alikuwa mtu wa siri. Siri moja aliibeba miaka kumi na minne, nami nikambebea, na leo naitua hapa mbele yenu kwa ruhusa ya mwenye haki nayo.

Marehemu Kavinya Muindi alizaliwa Alhamisi Kuu, tarehe 9 Aprili 1998, katika hospitali ya kina mama ya Pumwani. Alikuwa mtoto wa pili na kitinda mimba wa Mzee Muindi Mwangangi, mchonga vinyago, na Mama Nthenya Muindi, aliyekuwa akifua na kupiga pasi mashuka katika hoteli moja ya Barabara ya Mombasa. Karakana ya Baba ilikuwa papo hapo Pumwani, nyuma ya kibanda cha chai cha mama yake Muhiba, rafiki wa Kavinya tangu utotoni. Habari zilimkuta ameshika tezo. Alifika wodini na vumbi la mti kichwani mpaka kwenye nyusi, muuguzi akamrudisha nje akajipanguse kwanza. Tuliishi Mukuru kwa Reuben hadi mwaka 2006, ndipo tukahamia Donholm.

Marehemu alisoma shule ya msingi hapo hapo Donholm na akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka 2012. Aliendelea na masomo katika Shule ya Upili ya Wasichana ya Kitandi, Machakos, akamaliza mwaka 2016 kwa alama ya B+. Lakini shule iliyomfinyanga ilikuwa nyingine. Likizo ya Agosti 2010 Mama alikosa wa kumwachia mtoto, akaenda naye kazini. Hoteli hiyo ilikuwa na uwanja wa barafu ndani ya jengo, na Jumapili watu wazima walikuwa wakicheza humo mpira wa magongo. Kwa wazee wetu ambao hawajauona, mchezo huo huchezwa mtu amevaa viatu vyenye visu chini, na badala ya mpira hupigwa kisahani kigumu cheusi. Mtoto wa miaka kumi na miwili, wa Donholm, alisimama nyuma ya kioo akatazama watu wanakimbia juu ya maji. Alirudi nyumbani hasemi. Mama alidhani anaumwa na malaria.

Akawa anaenda kila Jumapili kuwaokotea visahani, hadi wakamwazima viatu. Magongo ndiyo yalikuwa machache. Wakamwambia, "Ukitaka kucheza, njoo na gongo lako." Kununua kulikuwa ndoto. Akamwambia Baba, na Baba akajibu kama anavyomjibu kila mteja: niletee picha.

Hapo ndipo kosa lilipoingia. Hapakuwa na wa kumpiga picha siku hiyo, basi Kavinya akaazima gongo la mtu, akasimama mbele ya kioo kikubwa cha chumba cha kubadilishia nguo, akajipiga mwenyewe kwa simu ya Mama. Mnajua kioo kinavyofanya. Cha kulia hukiweka kushoto. Na Baba, mnamjua pia, huchonga anachokiona. Aprili 2011 aliwaacha twiga wa wateja wamesimama bila masikio siku tano nzima, akatengeneza gongo la mkaratusi lenye kichwa cha mwarobaini, limepigwa msasa likang'aa, zito kama mchi.

Kichwa cha gongo hilo hupinda kidogo kama kijiko. Kuna la anayeweka mkono wa kulia chini na la anayeweka wa kushoto chini, na ukilibadilisha kisahani kinakuponyoka. Kavinya, kama wote waliojifunzia pale, alizoea kuweka wa kulia chini, vile mtu anavyoshika jembe. Alipofika nalo Jumapili kijana mmoja akalitazama akasema, "Aki pole, siste. Mzae wako amechonga ya malefti," yaani la wanaoweka wa kushoto chini. Wakacheka. Muhiba, rafiki yake wa Pumwani, alikuwepo na aliniambia Kavinya pia alicheka, halafu akaingia chooni akakaa.

Jioni Baba aliuliza, "Linafaa?"

Kavinya akasema, "Linafaa sana, Baba."

Chumbani akatuapisha mimi na Muhiba tusimwambie. Mimi nilimwita mjinga. Nilimwambia mzee hatakufa kwa kuambiwa ukweli, atachonga lingine. Akanijibu, "Dada, amechonga siku tano. Mimi nitajifunza." Basi akajifunza. Alifagia uwanja wa ploti kila asubuhi mikono ameigeuza, wa chini juu na wa juu chini, miezi mitatu. Mama alikuwa akimtazama kutoka mlangoni anasema, "Huyu mtoto anafagia kama mtu amelala." Kufika Agosti alikuwa akifagia sawasawa, na kwenye barafu walikuwa wameacha kucheka. Gongo la kwanza lilipopasuka akamwendea Baba na kumwambia, "Nichongee lingine kama hili." Kama hili. Nilimsikia kwa masikio yangu.

Baada ya shule marehemu aliajiriwa katika uwanja ule ule kukodisha viatu, mwaka 2017. Kocha mmoja mgeni aliyekuwa akipita Nairobi alimwona akicheza na wanaume, na Agosti 2018 Kavinya akaondoka kwa ufadhili kwenda chuo kidogo katika jimbo la Minnesota, Marekani, kusomea tiba ya viungo na kuchezea timu ya wanawake. Alibeba nguo chache na gongo moja la Baba, refu kuliko sanduku.

Wiki ya kwanza alinipigia simu akicheka hadi nikaogopa. Kocha wake, mama mmoja mfupi asiyetabasamu, alikuwa amesimamisha mazoezi akamwuliza, "Nani alikufundisha kuweka mkono wenye nguvu juu?" Kumbe huko ndivyo wanavyowashauri watoto wadogo. Mkono wa juu ndio unaoliongoza gongo, wa chini unasaidia tu. Wasichana wengine kwenye timu walitamani wangeanza hivyo.

Nikamwuliza, "Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia ni Baba. Akasema baba yangu anaujua huu mchezo."

Nilimwambia ampigie mzee amweleze. Akasema hawezi, maana ili aeleze sifa ile lazima kwanza aeleze kosa. Basi sifa ya Baba ikakaa na sisi wawili, naye yuko Pumwani anachonga twiga hajui. Hilo ndilo lilinikera kuliko yote, nami nililisema wakati huo na nalisema leo.

Mwezi Machi 2022, katika mwaka wake wa mwisho, makocha wa ligi yao walipiga kura ya kumchagua mchezaji wa thamani zaidi. Kavinya alikuwa amefunga mabao manne msimu mzima. Kulikuwa na msichana mwenye thelathini na moja. Kavinya ndiye aliyechaguliwa. Alinipigia akasema, "Dada, nadhani wamekosea."

Mimi ni karani, napenda kuona jambo kwa macho. Nikamwomba anitumie video ya mechi, nikaitazama mchana nikiwa kazini, na mkubwa wangu anisamehe. Kwa dakika nyingi sikuona kitu. Nilimwona mdogo wangu anapita, anagusa kisahani, anampa mwingine. Kisha nikaanza kuona kwamba kila akitoka kupumzika kisahani kinakuja langoni kwao, na kila akirudi kinaondoka. Mwishoni, sekunde zimebaki chache, mpinzani mmoja aliponyoka, amebaki yeye na mlinda lango. Kavinya alikuwa nyuma yake kabisa. Akajirusha kwa tumbo. Mkono wa kushoto ukaachia, ukabaki wa kulia peke yake kwenye ncha ya gongo, mkono na gongo vikanyooka mbele yake, na ile ncha ya mbali ikakiiba kisahani bila kumgusa mtu mguu. Nilirudia kipande hicho mara sita. Nilisikia baridi mgongoni, na sijui kama ni ya ile barafu. Mtu mwenye mkono dhaifu juu hawezi kufanya vile. Nilikumbuka ufagio, na Mama mlangoni.

Kocha aliulizwa kwenye sherehe kinachomfanya mchezaji awe wa thamani kuliko wote. Alisema wafungaji wanapatikana, lakini yule ambaye akiwepo kila mwenzake anacheza vizuri kuliko uwezo wake, huyo kocha humpata mara moja maishani. Nami nilimjua mtu huyo tangu akiwa na meno ya utotoni, na nilikuwa nimemwita mjinga.

Marehemu alirudi nyumbani Julai 2022. Wengi tulidhani atabaki huko. Aliajiriwa katika kliniki ya viungo pale Buruburu, akiwanyoosha migongo madereva na wabeba mizigo, na Jumamosi alifundisha wasichana wa Mukuru kwa Reuben kwa viatu vya magurudumu kwenye uwanja wa kanisa. Walianza saba wakafika arobaini na mmoja. Magongo yao yalichongwa na Baba. Wenye mkono wa kulia wote, hadi leo, wanaweka wa kulia juu.

Ntheo yake, yaani mbuzi wa mahari kwa mila yetu Wakamba, ililetwa kijijini kwetu Mwala tarehe 9 Desemba 2023, na tarehe 16 akafunga ndoa kanisani Donholm na Bwana Munyao Kilonzo, fundi wa umeme. Shemeji alikuwa ameshafika kliniki ile mara mbili mwaka mmoja akisema ameteguka kifundo, na hatujawahi kuiamini mara ya pili. Mungu aliwajalia binti, Syombua, tarehe 3 Novemba 2024.

Januari 2025 marehemu alianza kutokwa na damu kwenye ufizi na kuchoka bila kazi. Vipimo vilionyesha saratani ya damu. Alitibiwa hapa Nairobi miezi tisa, akapata nafuu mwezi wa Juni, tukashangilia mapema. Nawashukuru madaktari, wauguzi, na kila aliyejitolea damu, hasa ninyi wa Majengo, kule Pumwani, mliofika foleni nzima na Muhiba mbele yenu. Wiki mbili kabla ya kutuacha, Kavinya aliniambia, "Ukiandika wasifu wangu usiwaambie nilikuwa hodari. Waambie gongo lilikuwa limegeuka." Nikasema sawa. Halafu akaongeza, "Lakini usimwumize Baba." Alilala usingizi wake wa mwisho Jumanne tarehe 14 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka ishirini na saba.

Sasa niambieni, ningeandikaje? Nikilisema kosa, naweza kumwumiza mzee anayemzika mtoto. Nikilificha, namnyima maneno mazuri kuliko yote yaliyowahi kusemwa juu yake, na nawadanganya ninyi kuhusu kilichomfanya Kavinya kuwa Kavinya. Jumanne hii asubuhi, wiki moja baada ya kifo chake, kabla ya kupeleka karatasi kwa mchapaji, nilikwenda karakana Pumwani. Baba alikuwa akiuchonga msalaba mnaouona hapa. Nikamsomea kuanzia mwanzo. Nikafika kwenye kioo.

Baba hakuinua kichwa. Akasema, "Nilijua."

Kumbe Jumapili moja, Novemba 2011, alipita pale hotelini kumchukua Mama, akachungulia uwanjani. Aliona magongo ya wengine yote yamepinda upande mmoja, na la mwanawe peke yake upande wa pili. Alirudi akachonga lililo sahihi. Akaliweka juu ya boriti za karakana, akangoja mtoto aje alalamike, amshushie. Mtoto alikuja na kusema, nichongee lingine kama hili. "Nikaona ameficha ili nisione haya," Baba akasema. "Nami nikaficha ili asijue nimeona." Akapanda kwenye stuli akalishusha. Miaka kumi na minne ya vumbi, na halijawahi kushikwa na mtu.

Nikamwambia kuna jambo moja asilolijua. Nikamsomea maneno ya kocha. Akaiweka tezo chini.

"Kavinya alisema ni mimi niliyemfundisha?"

"Alisema ni wewe, Baba."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya timu nzima."

Aliketi akaliweka lile gongo magotini. Kisha akaniambia nenda kachapishe, isome yote, usiruke neno.

Marehemu ameacha mume wake Munyao. Binti yake Syombua. Wazazi wake Mzee Muindi na Mama Nthenya. Dada yake, mimi. Rafiki yake Muhiba, ambaye familia inamhesabu kuwa binti. Na wasichana arobaini na mmoja wa Mukuru kwa Reuben, waliosimama kule nyuma na magongo yao.

Mungu akulaze pema, mdogo wangu. Baba anajua. Sasa mkono wako wa kulia ushuke, upumzike nao kwa amani.