Kazi ya Tshiela

Banc yetu iko mbele ya mulango ya Tata Kalenga, tailleur, mushona nguo wa hapa Kapata. Ni mubao mulefu juu ya matofali, na kila asubui Mama Joyeuse anatuletea kahawa mu thermos. Mu ile mwaka 93 kazi ya kampani ya migodi ilikuwa inakufa, na ku gare Bakasai, batu ba Kasai benye banafukuzwa, balikuwa banalala chini na mizigo, banangojea train ya kubatosha mu Katanga. Mi banamiita Syllabe, juu nilijifunza kusoma na myaka makumi ine na mbili. Ninasoma pole pole, lakini ata neno moja siruki. Ile siku Mama Joyeuse alifunga beignets mu karatasi ya revue ya Poto, gazeti ya Ulaya. Nilikula, nikapangusa mafuta, nikasoma: kazi za bamannequin, batu ba kuonyesha nguo.

— Kuko mannequin wa mikono. Banapiga photo ya mikono tu.

— Mikono bila mwenyewe?

Ule ni Turbine. Alitengeneza mashini ya kampani myaka makumi mbili, sasa anatengeneza kila kintu na kinywa.

— Mwenyewe eko, lakini haonekane.

— Basi ule hawezi kula bukari ya moto na vidole! Akigusa tu, kazi imekwisha.

— Kuko wa miguu pia.

— Yesu! Ule hatembee, banamubeba. Na wa masikio analala akisimama.

— Wa masikio haiko mu karatasi, Turbine.

— Iko chini ya mafuta. Angalia muzuri.

Tukacheka. Nikaendelea, kidole ku mustari.

— Kuko na wa cabine, chumba ya kupimia nguo. Ule habamupige ata photo. Anasimama, banamuvalisha nguo yenye haiyaisha, banaweka épingle, bile bisindano, banakata. Siku muzima. Banasema ni métier, kazi ya kweli.

Mu nyumba, mashini ya Kalenga ikasimama. Akatoka na metre mu shingo.

— Syllabe, soma tena.

Nikasoma tena.

— Lakini ule ni Tshiela!

Myaka munane Tshiela, mama Mukasai wa hapa karibu, alisimama mu chumba ya Kalenga, mikono juu, épingle zinamuchoma. Sisi tulisema: jirani, anasaidia. Ata robe ya mariage ya Abigaëlle, mutoto wa Turbine, ilikatwa ku mwili ya Tshiela.

— Na weye Turbine, Kalenga akasema, siku ya dimanche ku meeting ya siasa ulipiga makofi Bakasai baende.

— Nilipigia bale bengine. Siyo Tshiela!

Njo Tshiela mwenyewe akafika, valise ku kichwa.

— Jambo batata. Tata Kalenga, ninakuya kuaga, train ni saa sita. Lakini naomba attestation, karatasi ya kusema nilifanya kazi. Mi nilizaliwa hapa. Kule Mbujimayi, mu Kasai, hakuna mwenye ananijua, bataniuliza: ulifanya kazi gani?

Ku banc yetu kila mutu eko na attestation yake ya kampani, mu plastique, sawa karatasi ya batême, ya ubatizo. Kalenga akaleta formulaire, karatasi ya kujaza, akanipa bic. Nikaandika: Mushiya Tshiela. Myaka: munane. Kazi: mannequin cabine.

Nikamusomea. Tshiela akashusha valise.

— Ee mama! Kumbe ile kazi iko na jina?

— Iko na jina, mama. Banaiandika mu revue.

Akaikala chini ku ile valise, akaniomba nimusomee tena. Nikasoma. Kisha nikafika ku mustari ya mwisho: motif ya kutoka, sababu ya kuacha kazi. Ku yangu banaandika retraite, uzee. Ku ya Turbine, mwisho ya contrat.

— Hapa tunaandika nini? nikauliza.

Kalenga akaangalia metre yake.

— Tata Turbine, Tshiela akasema, pole pole tu. Weye ulikuwa ku meeting. Mwambie Syllabe. Mi natoka juu ya nini?

Turbine akanyoosha kopo yake kwa Mama Joyeuse. Mama Joyeuse akatingisha thermos: hakuna kintu.

Bic yangu ikabaki juu ya karatasi. Tshiela akangojea, akangojea, kisha akakamata ile attestation vile iko, mustari ya mwisho bila kuandikwa, akaikunja, akaiweka ku kifua, akabeba valise yake.