Ukuta wa Nyuma

Treni ilipotoka Karatina, mama mmoja alimwambia fundi mwashi aliyeketi karibu naye kwamba anauza nyumba, ila ukuta wa nyuma umemshinda.

"Naziba hiyo shimo na udongo, asubuhi iko wazi tena. Na mnunuzi anakuja Jumamosi!"

"Ilitobolewa na nani?"

"Ni sisi. Mama ya bwana yangu alikufia ndani. Wazee walisema maiti isipite mlangoni, asije akaijua njia, ndio tukamtoa hapo."

Behewa zima likafumba macho. Mimi nikajifanya nimesinzia, vizuri kuliko wote.

"Ikibomoka, udongo inaanguka wapi?" fundi akauliza. "Nje?"

Mama akafikiri. "Hapana. Ndani."

Treni ikasimama Kiganjo. Fundi akachukua mwiko wake, akainuka.

"Basi huyo hatoki, mama. Anarudi."