Neno Lililobaki kwa Jirani Yetu

Mama zangu, shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo. Leo zamu ya kusema katika kikao chetu hiki imenifikia, na majina ya watu sitayataja. Wengine wako hai, na wengine wanatuombea huko waliko.

Mume wangu alikuwa mkulima wa Tingi. Shamba letu la mikorosho lilipakana na la jirani, mtu tuliyezoea kula naye futari. Miaka ile wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kuja na malori yao, na korosho ikapata bei. Mkorosho mmoja uliosimama mpakani, ambao zamani hakuna aliyeuangalia mara mbili, sasa kila mmoja akauona wake.

Asubuhi moja nilikuwa naokota korosho chini ya mkorosho huo. Jirani akaja na kikapu. Mume wangu akamfuata, akamkaba shati, akampiga kofi. Yule akamsukuma. Msukumo mmoja tu, ndugu zangu. Mume wangu akarudi kinyumenyume, akajikwaa kwenye mzizi, kisogo kikapiga jiwe.

Jirani akapiga magoti. "Kaka, amka! Kaka!" Akachana shati lake, akamfunga kichwa, akambeba mgongoni mpaka zahanati. Hakufika hai.

Nawaambia, nilimchukia mtu yule mpaka chakula kikanishinda. Nikiwa ndani ya eda nilikuwa naomba anyongwe. Nilikuwa naomba kwenye swala!

Kesi ikapelekwa Lindi, Mahakama Kuu. Kabla hatujasafiri, shemeji yangu mkubwa alinijia uani.

"Shemeji, uliyekuwepo ni wewe peke yako. Sema alikuja na rungu. Sema alikuwa anamvizia."

"Hakuwa na rungu."

"Kuna neno la Kizungu wanataka kumwokoa nalo. Manslota. Wakilipata hilo, damu ya ndugu yangu imekwenda bure. Na ukilisaidia, nyumba hii si yako."

Basi nikaenda Lindi nikiliogopa neno hilo. Nilidhani maana yake ni msamaha, kwamba mume wangu ataandikwa amekufa kama kuku aliyegongwa na gari.

Wakili wa serikali alikuwa dada mdogo kuliko mimi. Aliniita pembeni kunielekeza jinsi ya kutoa ushahidi. Nikamwuliza, "Mwanangu, manslota ni nini?"

Akakaa nami kwenye benchi. "Mama, ni kuua bila kukusudia. Haisemi mtu hakuuawa. Ameuawa, na muuaji tunamjua, na adhabu ipo, hata ya kifungo kirefu. Mauaji yenyewe, yale ya kunyongwa, lazima mtu awe na dhamira ovu. Awe alitaka kuua, au alijua anachofanya kitaua, akafanya."

"Kwa hiyo mahakama inatafuta nini?"

"Nia yake."

Nia! Mama zangu, neno hilo nililijua. Tangu utotoni nimefundishwa kwamba swala bila nia si swala, funga bila nia ni njaa tu. Nilijua Mwenyezi Mungu ndiye anayeuliza nia. Sikujua kwamba na wenye majoho wanaiuliza.

"Na mimi niseme nini?"

"Uliyoyaona. Usipunguze, usiongeze."

Nikapanda kizimbani. Shemeji zangu wamekaa mbele, wananitazama. Jirani kasimama kule, amekonda, macho chini. Nikaapa. Jaji akauliza, mkalimani akatafsiri: "Alikuja na silaha gani?"

Nikamtazama shemeji yangu mkubwa.

Nikasema, "Alikuja na kikapu."

Nikaeleza yote. Kofi nikalisema, ingawa lilikuwa la mume wangu. Magoti nikayasema, na shati. Jaji akawa anaandika kwa mkono, nami nasubiri kalamu isimame ndipo niendelee. Nikastaajabu, na mpaka leo nastaajabu: mimi, mwanamke ambaye sikuwahi kuulizwa hata shamba lipandwe nini, ufalme mzima wa sheria ulinyamaza ukaniuliza kilichokuwa moyoni mwa mwanamume.

Nilipoteremka, ile chuki niliitafuta ndani yangu, sikuiona. Nililia pale nje kwa mara ya kwanza kilio cha msiba, si cha hasira.

Jirani akahukumiwa kwa neno lile la manslota, akafungwa miaka. Nami nikafukuzwa nyumba, kama nilivyoahidiwa. Nikaja Somanga na wanangu na sufuria moja.

Hapa nawashukuru. Mama uliyenipa nafasi ubavuni mwako nikaange samaki barabarani, Mungu akulipe. Dada yangu wa Rondo, uliyeniombea kwa jina la Yesu nami Mwislamu, dua yako ilifika. Na dada wakili, popote ulipo, ulinieleza neno bila kunidharau.

Wenzangu, siku mkiitwa kusema habari ya mtu aliyewaumiza, semeni alichofanya, na alichotaka kufanya, kama mlikiona. Hivyo ni vitu viwili, na katikati yake kuna uhai wa mtu.

Jirani ametoka gerezani. Watoto wake wana baba. Wangu hawana. Mambo hayo mawili nimeyabeba pamoja, na leo nimeweza kusimama mbele yenu nayo.